Namba Yangu Si ya Mfano

Kibanda cha Saa,
Kati ya fundi cherehani na duka la fotokopi.
Jumatatu, baada ya chai.

Kwa Mkuu wa Vipande,
Karakana ya Fomu za Kompyuta,
Jengo la vioo, ghorofa ya tatu, mlango wenye kapeti.

Ndugu Mkuu,

(Najua wewe pia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na kwamba viatu vyako vya kwanza nilivinunua mimi, vikakubana. Lakini leo nakuandikia kiofisi, kwa hiyo naomba undugu usubiri nje kwenye benchi.)

KUHUSU: KUKATALIWA NA KISANDUKU

Kwa heshima, na kwa huzuni ya kiasi, natangaza kwako, kwa wafanyakazi wako na kwa umma wote unaojaza fomu, kwamba asubuhi ya Jumanne iliyopita, kwenye mapokezi ya kliniki ya macho, mbele ya muuguzi, wagonjwa wenzangu na samaki mmoja wa kwenye tangi, mimi fundi saa nilitangazwa kuwa si mtu halisi. Tangazo hilo lilitolewa na kisanduku. Niliandika namba yangu ya simu, laini ileile niliyo nayo tangu simu zilipokuwa na mkonga, nikabonyeza Endelea, kisanduku kikawa chekundu na chini yake pakaandikwa: "Namba hii ni ya mfano. Tafadhali weka namba ya mtu halisi."

Nilijikagua palepale. Viatu vilikuwepo. Mikono ilikuwepo, pamoja na grisi yake ya kawaida chini ya kucha. Nikamwomba muuguzi anitazame. Akanitazama, akasema, "Mzee, mimi nakuona vizuri, ila mfumo ndio haukuoni." Nikamjibu kwamba kama ni hivyo basi kwenye kliniki ile ya macho mgonjwa si mimi, ni mfumo, na apelekwe ndani kwa daktari kabla yangu. Samaki alielewa. Muuguzi alikuwa na kazi nyingi.

Utauliza nilikuwa natafuta nini kwenye kliniki ya macho. Si jambo kubwa, na nalitaja tu ili faili lako likamilike. Jicho la kulia, lile la kazi, limeingiwa na ukungu. Lilianza taratibu, nikadhani ni kioo cha kukuzia ndicho kimechafuka, nikakipangusa mpaka kikaanza kung'aa kama sahani mpya. Wiki mbili zilizopita nilimrudishia mteja saa yake nikiwa nimepachika mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa. Alifika kazini kabla ya mlinzi. Nilimwambia ndio mtindo mpya, akaamini, na hilo lilinitisha kuliko kosa lenyewe.

Daktari anasema ni upasuaji mdogo, unaingia asubuhi, unatoka mchana. Nafasi yangu ameishikilia mpaka Ijumaa hii. Fomu isipofika ikiwa kamili, nafasi inakwenda kwa mwingine na mimi narudi mwisho wa foleni, mwisho ambao muuguzi alinionyesha kwa mkono, na mkono ulielekea mbali. Fundi saa asiye na jicho la kulia ni mtu aliyekaa tu karibu na saa. Ndiyo maana nimeamua kulalamika kwa mpangilio, nikianza na chanzo. Mama yako hajui habari za jicho, na naomba ziishie ofisini kwako.

Kwa faida ya yeyote atakayesoma faili hili baada yako, nieleze kwanza kazi yenu kama nilivyoielewa. Siku ile ulipokuja kibandani nikutobolee mkanda wa saa, uliniambia, "Mjomba, sisi hatutengenezi fomu. Tunatengeneza vipande. Kisanduku cha jina ni kipande, cha tarehe ni kipande, kitufe cha kutuma ni kipande. Akija mtu anataka fomu ya shule, tunachukua vipande, tunavipanga, skrini inavichora. Akija wa hospitali, ni vipande vilevile, mpangilio tu ndio tofauti. Ni kama hizo springi zako."

Nikafurahi kufananishwa. Nikakuuliza, je, springi moja ikiwa na kasoro? Ukacheka, ukasema hapo ndipo raha ilipo, kwamba ukirekebisha kipande kimoja pale karakana, kinajirekebisha kwenye fomu zote kwa mpigo, za shule, za kliniki, za nani, bila kumgusa mtu. Sikukuuliza inakuwaje ukikiharibu. Ningekuuliza siku ile, leo nisingekuwa natafuta bahasha.

Sasa malalamiko.

LALAMIKO LA KWANZA: Kufanywa mfano bila kuulizwa.

Kila kisanduku chenu kina maandishi hafifu ya kijivu ya kumwonyesha mtu aandike nini. Pa tarehe mmeweka tarehe, pa jina mmeweka jina. Ulipotengeneza kipande kinachoitwa "mtu wa karibu", chenye sehemu ya uhusiano na sehemu ya namba ya simu, kwenye uhusiano uliandika kwa kijivu: "Mfano: mjomba." Kwenye simu ukaandika namba yangu. Yote. Bila hata kuficha tarakimu za mwisho kwa heshima.

Ulipopiga kunisalimia nikakuuliza, ulisema, "Nilikuwa naharakisha, mjomba. Namba ikaja yenyewe kwenye vidole." Ndugu Mkuu, hayo si maelezo ya kiofisi. Zipo namba za kubuni. Ipo moja mbili tatu nne. Zipo sifuri, na hazimilikiwi na mtu. Wenzangu wa umri huu wanakumbukwa kwa kupewa jina la barabara, au angalau mtoto mchanga. Mimi nimepewa kijivu.

LALAMIKO LA PILI: Kupigiwa na wapimaji.

Maandishi ya kijivu yanasomeka. Watu wakawa wanapiga. Hawana shida yoyote, wanataka tu kujua kama kuna mtu upande wa pili. Mmoja alinipigia nikiwa nimeshika kwa kibano gurudumu dogo kuliko chawa. "Samahani, niko benki najaza fomu, nilikuwa najaribu tu kama ni ya kweli." Nikamwambia ni ya kweli. "Aisee," akasema, akakata. Gurudumu sijaliona mpaka leo. Jirani yangu fundi cherehani, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mapazia, alisikiliza simu hizo kwa siku kadhaa kupitia ukuta wa mbao unaotutenganisha, mwishowe akatoa kichwa. "Jirani, una madeni au una mchumba?" Nikamwambia mimi ni mfano. Akafikiri kidogo. "Wa nini?"

Swali hilo sijalijibu, na nalileta kwako kama sehemu ya lalamiko.

LALAMIKO LA TATU: Kugeuzwa jamaa wa mji mzima.

Hapa naomba umakini wako wote, kwa sababu hili lilitokea ukiwa safarini na huenda hujaambiwa lote. Pale karakana kuna fundi mwenzako anayevaa kofia ndani ya nyumba. Huyo bwana, kwa wema wake, aliona watu wavivu wanaacha kisanduku cha mtu wa karibu wazi, halafu fomu inawakatalia, wanaudhika. Akakigusa kipande. Tangu siku hiyo, usipoandika kitu, ule mfano wa kijivu unabaki na kutumwa kama jibu lako. Na kwa kuwa kipande ni kimoja, fomu zote zilizojengwa kwa vipande vyenu zikageuka kwa mpigo, kama ulivyonieleza kwa raha siku ile ya mkanda. Ndiyo kusema, kila asiyetaka kusumbuka kuandika ndugu yake, ndugu yake akawa mimi. Uhusiano: mjomba.

Nilianza kuamshwa na shule ya chekechea. "Wewe ndiye mjomba? Mtoto amejimwagia rangi, njoo na nguo." Sasa niambie, Ndugu Mkuu, mtu aliye mjomba kweli akiulizwa kama ni mjomba atajibu nini? Nilisema ndiyo kabla sijauliza wa nani. Nikaazima kigauni kwa Mama Mapazia, nikaenda. Mtoto alikuwa wa bluu kuanzia kidevuni kwenda chini. Akanitazama kwa makini. "Wewe nani?" Nikamwambia mimi ni mfano. Akaridhika, akanyoosha mikono avalishwe. Mwalimu wake ndiye aliyehitaji maelezo marefu.

Siku nyingine ikawa jumba la mazoezi. Mzee wa makamo yangu alikuwa amejifungia mguu kwenye mashine ya kuvutia vyuma na hakuna aliyejua kuifungua. Ile mashine, ukiitazama kwa utulivu, ina magurudumu na mnyororo kama saa ya ukutani, ila kubwa. Nilikwenda na bisibisi zangu. Yule mzee aliponiona akauliza, "Nani amekuita?" Nikamwambia ni yeye mwenyewe, kwenye fomu. Akasema yeye hakuandika mtu. Nikamwambia ndiyo maana.

Ikafuata maktaba, wakidai kitabu cha mapishi. Akafuata msimamizi wa nyumba za kupanga, kwamba mpangaji fulani amesafiri na kuacha bomba wazi, maji yanashuka ngazi yenyewe. Nilipofika nilikuta majirani wamepanga ndoo kwenye kila ngazi, nami nikashika ndoo kama ndugu wa marehemu. Mama mmoja akanipa pole. Nikapokea.

Kwa muda huo wote saa za wateja zilikuwa zimelala mezani zikionyesha muda wowote zilizotaka. Mteja mmoja alikuja, akakuta kibanda kimefungwa na karatasi mlangoni: "Nimeitwa na ndugu." Akamuuliza Mama Mapazia fundi ana ndugu wangapi. "Wanaongezeka," akamwambia.

LALAMIKO LA NNE limeondolewa. Lilihusu samaki wa kliniki, na nimeona si haki kumwingiza.

LALAMIKO LA TANO: Jinsi nilivyopokelewa ofisini kwenu.

Nilipoona ujamaa umezidi, nilifunga kibanda nikaja jengo la vioo mwenyewe. Nilivua viatu mlangoni kwa sababu ya kapeti, nikaambiwa nivae, nikavaa, kimoja kikawa kimegeuka nikakiacha hivyohivyo. Ndani niliwakuta vijana wako kwenye viti vya magurudumu, ukutani mmebandika vikaratasi vya rangi kama nguo zilizoanikwa. Dada wa mapokezi akaniomba namba ya simu ili aniandike mgeni. Nikaitaja.

Kisha kiti kimoja kikageuka, kikafuata kingine. "Ngoja kwanza, mzee, rudia?" Nikarudia. Jamaa mmoja akaitikia tarakimu pamoja na mimi mpaka mwisho, kama wimbo wa shule. "Jamani, ni yeye. Mfano mwenyewe." Wakainuka wote. Ilibainika kwamba wameichapa namba yangu kila siku kazini, kila wanapojaribu kitu, na hawakuwahi kufikiri kuna mtu amefungwa upande wa pili. Wakanipa chai kwenye kikombe kikubwa kama sufuria. Wakapiga picha na mimi. Mmoja akaomba nimpigie mama yake aone namba ikitokea.

Yule wa kofia ndiye pekee aliyekuwa na aibu. Akasema, "Samahani sana mzee, nilitaka kusaidia." Akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akachapa kwa muda usiofika kupoa kwa chai, akageuka. "Tayari. Tumeweka ulinzi. Namba yako haipiti tena." Kuufuta mfano wenyewe kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji wewe, nawe ulikuwa hujarudi. Nikamshukuru. Nikatoka nimevaa kiatu kimegeuka, nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

LALAMIKO LA SITA: Ulinzi.

Ulinzi ulifanya kazi. Simu zilikatika siku ileile. Hakuna chekechea, hakuna maktaba, hakuna hata mpimaji, kwa kuwa sasa kisanduku chenyewe kinawaambia namba ni ya mfano. Kibanda kikawa kimya mpaka nikasikia saa zote zikipishana, jambo ambalo si zuri kwa mtu anayedai kuzitengeneza. Mama Mapazia alitoa kichwa siku ya tatu. "Wamekuacha?" Nikamwambia tumeachana kwa makubaliano.

Kisha ikaja hiyo Jumanne ya kliniki, na sasa unajua kilichonipata. Nilijaribu mara ya pili kwa kuandika polepole. Chekundu. Muuguzi akajaribu kwa vidole vyake. Chekundu. Nikarudi nyumbani, nikafungua fomu yenu ya malalamiko kwenye simu ili nikulalamikie kistaarabu, na fomu ya malalamiko nayo, kwa kuwa imejengwa kwa vipande vilevile, ikageuka nyekundu na kuniomba nilete mtu halisi wa kulalamika. Ndiyo sababu unasoma mwandiko wangu, na ndiyo sababu mistari inapanda upande wa kulia. Ni jicho, si hasira.

Nimekaa nikaifikiria hali yangu kisheria. Kama mimi si mtu halisi, basi kibanda kiko wazi, na Mama Mapazia ameshaanza kukitazama kwa futi yake ya kupimia. Wateja waliniachia saa, na kumbe wamemwachia mfano, kwa hiyo haziwezi kusemwa zimechelewa. Wewe nawe, kama mjomba wako ni wa kubuni, basi uliyekuwa unambebea mfuko wa bisibisi utotoni ni nani, na nani alikutobolea mkanda? Dada yangu atakuwa mtoto wa pekee, na atalazimika kupewa pole kwa kumpoteza kaka ambaye hakuwahi kuwepo, jambo litakalomkera kwa sababu ameshanipikia miaka mingi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, yote au lolote.

Kwanza, nipewe cheti cha kuwepo, chenye muhuri na picha ile mliyopiga na chai.

Pili, fomu zote za mji huu zifungwe kwa siku moja. Watu waandike kwa penseli siku hiyo, dunia haitaisha. Kisha zifunguliwe zikiwa zimefutwa namba yangu kila mahali, kwenye kijivu, kwenye ulinzi, na kwenye vidole vya vijana wako.

Tatu, kama lazima kila kipande kiwe na mjomba, buneni mjomba mwingine. Mpeni namba yake, mpeni na mguu wa kuuma kidogo ili asiweze kuitikia kila wito. Akishakuwa tayari, mjulisheni kwangu nimpe maelekezo ya kazi.

Nne, kisanduku kilichonikataa kiniombe radhi kwa maandishi, kikiwa cha kijani.

Natarajia majibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu ambayo nimeitaja kama jambo dogo. Barua hii inaletwa na Mama Mapazia, anayekuja kupima madirisha yenu. Usimpe jibu kwa mdomo, atalipunguza na kulibana.

Nisalimie wote pale ofisini: dada wa mapokezi, yule anayejua namba yangu kwa wimbo, na yule wa kofia, mwambie sina kinyongo naye na chai ilikuwa nzuri. Nisalimie mama yako ukimpigia, na umwambie mimi ni mzima kabisa. Huku sisi sote, yaani mimi na saa, hatujambo.

Wako katika kutafuta kisanduku kitakachonikubali,

Fundi Saa
(ambaye yupo)

Tanbihi:

Mama Mapazia amechelewa siku mbili kwa sababu ya pazia la mtu, na bahasha bado iko wazi, kwa hiyo nimepata muda wa kuisoma barua tena. Imeandikwa vizuri. Tatizo lake ni moja tu, kwamba haikusema kilichotokea.

Mpwa wangu, njoo ndani sasa, toka kwenye benchi.

Kisanduku kilichonikataa kliniki si cha namba yangu. Cha namba yangu kilinipokea bila neno, na cha jina, na cha umri, hata nilipopunguza kidogo. Ulinzi wa yule bwana wa kofia uko mahali pamoja tu, palepale penye shida, kwenye kipande cha mtu wa karibu. Fomu ya kliniki inasema: "Mtu wa karibu atakayekurudisha nyumbani baada ya upasuaji." Hapo ndipo nilipoandika namba yangu mwenyewe. Mara zote tatu. Fomu yenu ya malalamiko nayo ilitaka mtu mwingine wa kupigiwa nisipopatikana, na hapo pia nikajiandika mimi.

Yule muuguzi hakusema lile neno la mfumo haukuoni. Hilo nilimtungia. Alichosema, kwa sauti ya chini ili watu wa kwenye benchi wasisikie, ni hiki: "Baba, hii si ndiyo namba yako? Utajirudishaje nyumbani na jicho limefungwa?" Nikamwambia naijua njia. Akanitazama, hakucheka, akasema, "Andika mtu wako tu, baba. Hata mmoja." Nikamwambia nitarudi Ijumaa. Samaki peke yake ndiye niliyemweleza ukweli.

Si kwamba sina mtu. Nilifikiri dada yuko mbali na atapanda basi akiwa na wasiwasi na mifuko. Nilifikiri wewe una kazi, una vikao vinavyokungoja, na mjomba ni mtu wa kupigiwa, hajazoea kupiga. Zile simu za chekechea na ndoo, nilizozilalamikia ukurasa mzima, nilikuwa nazipokea kabla hazijalia mara ya pili. Zilipokatika ndipo nilipogundua sijui kufanya upande wa pili wa kazi hiyo.

Na kuhusu namba kuja yenyewe kwenye vidole vyako, najua ilitoka wapi. Mama yako alipokuwa anachelewa kazini ulikuwa unanisubiri kibandani, chini ya meza, na mtaa ulikuwa na watu wengi, nami nilikuwa na hofu. Nilikukaririsha namba hiyo nikigonga meza kwa bisibisi, tarakimu moja, pigo moja, mpaka ukaiweza bila kufikiri. Nilikuambia ukipotea umwambie mtu yeyote namba hii, naye atanipigia. Hukupotea hata siku moja. Nilidhani somo lile halikuwahi kutumika.

Kwa hiyo tafadhali futa malalamiko yote, la kwanza mpaka la sita, pamoja na lile nililoliondoa. Mfano uache ulipo. Ulinzi wa yule bwana usiguswe, umesema kweli kuliko mimi. Cheti sihitaji.

Ninachoomba ni ruhusa ya kuandika jina lako kwenye kisanduku cha kliniki, na kwenye uhusiano niandike mpwa. Ukiwa na kikao siku ya upasuaji nitaelewa, ila naomba usiwe nacho. Na mama yako mwambie mwenyewe, mimi nikianza nitamdanganya.

Namba yako ninayo kwenye simu, lakini siku ile sitaweza kusoma simu, kwa hiyo naikariri. Nagonga meza kwa bisibisi, Mama Mapazia anadhani nimepata kazi ya saa ya ukutani. Jana nilifika katikati nikateleza, nikamalizia na namba yangu mwenyewe. Leo asubuhi nimeisema yote mpaka mwisho, mara mbili, nikiwa nimefumba macho.